Mkono Hodari Usikataliwe Mlangoni

Katika kambi za askari na polisi nchini Uganda mshahara huja mara moja kwa mwezi, lakini mahitaji ya nyumba hayangoji mwisho wa mwezi. Kwa hiyo akina mama wengi huongeza pato kwa biashara ndogo, na ushonaji ni mojawapo: cherehani mbili, meza ya kukatia nguo na msaidizi mmoja au wawili. Atafutwapo msaidizi, mara nyingi hutazamwa kwanza mwili wake. Asiye na mguu hukataliwa kabla ya kuulizwa kama ajua kushona kola. Kiziwi huambiwa kwamba hatawasikia wateja. Mama mwenye mtoto mchanga huambiwa arudi mtoto akikua.

Hasara ya desturi hiyo humwangukia mwenye duka mwenyewe. Kiwanda cha watu mia kikimkosa fundi mmoja hodari, kazi huendelea. Duka la watu watatu likimkosa, theluthi ya nguvu yake imepotea.

Nyumba za askari zapaswa kulitambua jambo hili kabla ya wengine, kwa sababu aendaye kazini akiwa mzima aweza kurudi na mkongojo. Jeshi la Uganda lina kituo huko Mubende kwa ajili ya askari waliojeruhiwa, ambako hufundishwa kazi za mikono. Lakini ufundi huo hauleti chakula mezani ikiwa hakuna duka litakalomfungulia mlango mwenye kuujua.

Gharama ya kumkaribisha si kubwa. Aliyepoteza mguu huona taabu kukanyaga cherehani ya miguu, lakini cherehani ya mkono humfaa: mkono wa kulia huzungusha kipini, wa kushoto huongoza kitambaa. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, kizuizi ni ngazi ya mlangoni. Mteremko ufaao huwa na urefu wa mara 12 ya kimo cha ngazi. Hivyo ngazi ya sentimeta 15 huhitaji mteremko wa sentimeta 180, nao waweza kujengwa kwa mawe na saruji. Mteremko huo huo utamfaa mama mjamzito, mzee mwenye bakora na mteja aliyejitwika mzigo.

Kwa kiziwi ajuaye kusoma, yatosha kuanza na ubao na chaki. Huandikwa jina la mteja, vipimo vyake na siku ya kuchukua nguo. Hapo ugomvi na wateja hupungua, maana lililoandikwa halibishaniwi kama lililosemwa. Wenzake nao wajifunze ishara zake. Katiba ya 1995 yenyewe imeagiza kuendelezwa kwa lugha ya ishara. Naye mama anyonyeshaye aweza kupewa kazi ya kutia vifungo na kupinda mapindo, pamoja na kivuli cha kumlaza mtoto karibu naye.

Sheria nayo iko upande huo. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 yakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu wake.

Hata hivyo, kuna kosa jingine lililojificha ndani ya wema: kumwajiri mtu kwa huruma, kisha kumlipa nusu ya ujira. Fundi anayelipwa kama mwombaji hatakaa. Ataondoka, na wateja walioizoea kazi yake watamfuata. Kazi iliyo sawa na ilipwe sawa.

Basi mwenye duka atafutaye msaidizi na ampe kila ajaye kitambaa, mkasi na saa moja ya kushona. Kisha na aitazame kola, si mguu.