Wagonjwa Waelezwe Kabla ya Kuruhusiwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nitoe lalamiko langu juu ya hospitali ambazo humdunga mgonjwa dawa ya rangi kiunoni ili uti wake wa mgongo uonekane vyema katika eksirei, kisha zikamruhusu kurejea kwake jioni ileile pasi na kumbainishia madhara yanayoweza kumfika.

Shemeji yangu, fundi cherehani hapa Mombasa, alifanyiwa kipimo hicho, na kesho yake kila alipoketi kushona kichwa kilimwuma hata akakilaza juu ya meza ya cherehani na kutapika, ilhali akilala chali maumivu hutulia. Jamaa wakadhani ni malaria. Daktari mwingine ndiye aliyetufahamisha kwamba tundu la sindano huweza kuvujisha maji yaliyouzunguka ubongo na uti wa mgongo, kwamba aghalabu hali hiyo hupoa kwa mapumziko, na ikikaidi, mgonjwa hudungwa damu yake mwenyewe karibu na tundu hilo ili lizibe.

Kipimo chenyewe sikikatai, kwani kina manufaa. Lakini nani atajua kwamba homa, shingo kukakamaa, miguu kulegea au mkojo kuzuilika ni dalili za kurudi hospitali hima, ikiwa hakuambiwa?

Naiomba Wizara ya Afya iamuru kila mgonjwa apewe maelezo hayo kwa maandishi ya Kiswahili, pamoja na nambari ya simu itakayopokelewa usiku, na itujibu katika safu hii.

Wako mtiifu,
Msomaji, Mombasa