Kwa Kipimo Gani? Ilani ya Kuasisi Harakati Yetu

Sisi tunaotia saini ilani hii ni wanasaikolojia, wauguzi, ndugu wanaouguza, na watu ambao tumewahi kulazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Tumeungana kwa dai moja: yeyote anayemwita mwenzake mgonjwa wa akili aeleze ametumia kipimo gani.

Tuna sababu ya kudai. Mwaka 1851, huko Louisiana, Marekani, daktari Samuel Cartwright alitangaza kuwa mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Akaupa na jina, drapetomania, na dawa mojawapo aliyoipendekeza ni mijeledi. Miaka mia moja baadaye zamu ikawa yetu. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kuwa Mwafrika haitumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kwamba anafanana na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ikatoa uchambuzi wa Carothers kuhusu vuguvugu la Mau Mau. Madai ya ardhi na uhuru yakageuzwa kuwa tatizo la nafsi ya Mkikuyu. Mtawala alipokosa jibu la siasa, alitafuta jibu hospitalini.

Vipimo tunavyovijua

Wanasaikolojia wana vipimo kadhaa vya tabia isiyo ya kawaida. Tunavikubali. Tunachokataa ni kimoja kupewa mamlaka ya kuhukumu peke yake.

Cha kwanza ni uchache: tabia ni ya ajabu kwa kuwa wachache wanayo. Lakini mtoto wa miaka tisa aliyehifadhi Kurani nzima naye ni wa nadra, na mtaa mzima humfanyia sherehe. Sonona, kwa upande wake, Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa iliwasumbua watu milioni 280 hivi mwaka 2019. Wingi wao haujaifanya kuwa afya.

Cha pili ni kuvunja kaida za jamii. Hiki ndicho alichokitumia Cartwright, nacho hubadilika kila mahali. Mjane wa Kiislamu anayekaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura wala hajipambi, anatimiza wajibu wake. Asiyejua mila hiyo angeweza kumwandikia dawa.

Cha tatu ni mateso ya mhusika mwenyewe. Ni kipimo chenye huruma, ila nacho kina tundu. Kijana asiyelala wiki nzima, anayegawa mtaji wa duka lake kwa wapita njia huku akijiona mfalme, hateseki hata kidogo. Atateseka baadaye.

Cha nne ni kushindwa kuendesha maisha. Karani anafunga mlango, anavuta kufuli, anaondoka. Akifika kituoni anarudi kulivuta tena, na tena, mpaka vidole vinachubuka na daladala ya mwisho ya kumfikisha kazini kwa wakati imeshaondoka. Anajua fika kuwa mlango umefungwa. Hajavunja kaida yoyote, na majirani humsifu kwa uangalifu. Ni yeye anayejua kwamba kazi inamponyoka.

Wengine huongeza kipimo cha hatari. Tunaonya: wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu, na mara nyingi wao ndio hupigwa mawe.

Tunachosimamia

Mwaka 1992 Jerome Wakefield alipendekeza masharti mawili yaende pamoja: pawe na kitu ndani ya mtu kisichofanya kazi yake, na hali hiyo iwe inamdhuru. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, nao unatamka kuwa majonzi yanayotarajiwa baada ya kufiwa hayatoshi kuitwa ugonjwa, wala mgongano wa mtu na jamii yake, wa kisiasa au wa kidini, isipokuwa unatokana na hitilafu ndani ya mtu huyo. Hapo ndipo tunaposimama.

Basi tunatamka:

1. Hakuna atakayeandikwa mgonjwa kwa sababu ya imani, siasa, umaskini au ukaidi wake.
2. Kabla ya jina la ugonjwa, mtu aulizwe anaumia wapi, ameshindwa nini, tangu lini, na kwao jambo hilo huchukuliwaje. Majibu yaandikwe kwenye faili, naye asomewe kwa lugha anayoielewa.
3. Mila isiwe kisingizio cha kumnyima mtu tiba. Anayesikia sauti zinazomwamuru ajiue apelekwe hospitali leo, hata kama familia inasubiri siku ya kupunga pepo.
4. Minyororo ikome, nyumbani, kwa mganga na wodini.
5. Mathari, Mirembe na Kidongo Chekundu ni hospitali. Ziache kuwa matusi midomoni mwetu, maana kijana anayeogopa utani huo huchelewa kutafuta msaada.

Tutayafuata haya kwa hatua. Tutamwuliza daktari, asipojibu tutauandikia uongozi wa hospitali, ukinyamaza tutakwenda mahakamani. Njia hiyo inapitika: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu kilichomwadhibu mtu kwa kujaribu kujiua kinakiuka Katiba. Popote ambapo mtu aliyezidiwa na maumivu bado hupelekwa rumande badala ya kliniki, hapo ndipo tutakapofungua kesi inayofuata.