UPASUAJI WA GANZI YA MKONO: NUSU YA DAWA IKO NYUMBANI



Katika kambi yetu wako mama wengi wanaoamka usiku wakikung'uta mkono. Umekufa ganzi, vidole vinachoma kama sindano. Asubuhi wananyamaza, wanachukua dumu na kwenda bombani. Ukiwauliza, watasema ni uchovu, ni baridi, au kuna mtu amewatupia kitu. Sisi wahamasishaji wa afya tunayasikia hayo tukipita nyumba kwa nyumba. Maoni yangu ni haya: ugonjwa huu una matibabu, lakini watu wa nyumbani wasiposaidia, hata upasuaji mzuri unaweza kuharibika.

Tuelewe kwanza ugonjwa wenyewe. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Chini yake ni mifupa, juu yake ni utando mgumu kama mkanda. Humo hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Njia ikibana, mshipa huo unagandamizwa. Ndiyo maana ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, lakini kidole cha mwisho mara nyingi kinabaki salama. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume. Kazi za kushika kwa nguvu na kurudiarudia, kama kutwanga, kulima na kukamua nguo, huuchochea. Vilevile mimba na kisukari.

Si kila mwenye ganzi anahitaji kupasuliwa. Ugonjwa ukiwa mwepesi, mgonjwa hupewa banzi la kuvaa usiku ili kifundo kikae kimenyooka, au sindano ya kupunguza uvimbe. Kwa mama mjamzito, mara nyingi ganzi huisha baada ya kujifungua. Lakini kama ganzi haitoki usiku wala mchana, vitu vinakuponyoka, au nyama iliyo chini ya kidole gumba imeanza kunywea, usingoje. Nyama hiyo ikishaisha, huenda isirudi hata ukipasuliwa. Na rufaa ya upasuaji usio wa dharura huchukua muda, kwa hiyo wahi kujiandikisha.

Wengine wanakimbia kwa sababu wamesikia "watakukata mkono". Hapana. Hospitalini daktari anachoma sindano ya ganzi, wewe uko macho. Anapasua sehemu ndogo kiganjani, anakata ule utando unaobana ili mshipa upate nafasi, kisha anashona. Kwa kawaida haizidi nusu saa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Mama anarudi na bendeji, kesho yake anakabidhiwa mchi atwange sombe. Akikataa, anaitwa mvivu. Hiyo si haki. Kila familia ishike mambo haya:

- Siku za kwanza mkono uinuliwe juu, usining'inie. Vidole vikunjwe na kunyooshwa tangu siku ya kwanza, visikakamae.
- Kidonda kikae kikavu hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14.
- Kula, kuvaa na kushika kikombe vinaruhusiwa mapema. Kutwanga, kulima, kupasua kuni na kubeba dumu vingoje kama wiki 6, au mpaka mganga akubali.
- Ukiona usaha, homa, au uvimbe na maumivu yanayozidi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Maumivu ya usiku mara nyingi hupungua mapema. Nguvu ya kushika hurudi polepole, kwa miezi kadhaa. Ganzi iliyokaa miaka inaweza isiishe yote. Hilo si uchawi, ni mshipa uliochelewa kufunguliwa.

Sasa nasema na ninyi wababa na kaka zangu. Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20 na zaidi. Mwanaume akilibeba kwa wiki 6 hapungukiwi heshima yake. Wiki hizo 6 zinaweza kumpa mkewe mkono wa kufanyia kazi miaka mingi.

Na wale mama wanaoishi peke yao na watoto wadogo? Nani atawatekea maji? Naomba viongozi wa vijiji na majirani wapange zamu kabla mgonjwa hajaondoka kwenda hospitali, si baada ya kurudi. Akijua maji na kuni vipo, hatakuwa na sababu ya kukataa rufaa.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi mama aliyebaki na mkono mmoja kwa wiki chache, tumwazime yetu.

Mhamasishaji wa Afya ya Jamii