Goma na Bukavu: manjano inatibu nini, na ni lini inadhuru?

Katika soko la Virunga mjini Goma na lile la Kadutu mjini Bukavu, manjano inauzwa kwa kijiko, karibu na tangawizi na vitunguu saumu. Wengi wanaijua kwa jina la Kifaransa, curcuma. Kwa miaka mingi mama wa nyumbani aliinunua kwa ajili ya pilau na mchuzi wa samaki. Siku hizi anaambiwa ainunue kwa ajili ya magoti ya mzee, tumbo la baba, presha, sukari katika damu, hata kansa. Ujumbe wa sauti unapita kwenye WhatsApp kutoka kundi moja hadi lingine: kijiko cha manjano, tangawizi, limau, asali kidogo, asubuhi kabla ya kula.

Si ajabu ujumbe huo upate masikio. Tangu Januari 2025 Goma imeishi na uwanja wa ndege uliofungwa, na benki nyingi zilifunga milango mwezi huohuo. Familia iliyokosa mshahara inapiga hesabu mbele ya farmasi, na vidonge vya presha ambavyo mtu anapaswa kumeza kila siku ndivyo vinaachwa kwanza. Kijiko cha manjano ni cha bei ya chini na kinapatikana. Kwa hiyo swali la kama manjano inatibu si la watu wenye nafasi ya kuchagua chakula cha afya. Linamgusa mtu ambaye leo anaweza kuacha dawa kwa sababu ameamini kiungo.

Kuna ukweli ndani ya ujumbe huo, ila ni mdogo kuliko sauti inayoubeba.

Kinachochunguzwa na wanasayansi katika manjano kinaitwa kurkumini, na ndicho kinachotia vidole rangi. Katika poda ya kawaida, kurkumini ni karibu sehemu 3 tu kwa 100. Kijiko kidogo cha chai kina gramu 3 hivi za poda, yaani miligramu 90 za kurkumini. Mama akitia kijiko hicho katika sufuria ya watu sita, kila mmoja anapata miligramu 15. Hesabu hii ni ya kushika, maana karibu kila habari njema inayosambazwa kuhusu manjano imetoka katika vipimo vilivyotumia kiasi cha mbali kabisa na hicho.

Mfano mzuri ni wa Thailand. Mwaka 2023, watafiti wa huko walitangaza matokeo ya wagonjwa 206 waliokuwa na maumivu ya tumbo na kushiba haraka, bila kidonda kilichoonekana. Wengine walipewa omeprazole, dawa inayojulikana katika kila farmasi ya Kivu, wengine kurkumini, na kundi la tatu vyote viwili. Nafuu ilikaribiana katika makundi yote. Hiyo ni kazi ya heshima na inastahili kusomwa. Lakini wagonjwa wa kurkumini walimeza miligramu 2,000 kwa siku. Mtu anayetaka kufikia hapo kwa poda ya soko angehitaji vijiko zaidi ya 20 kila siku.

Kwa magoti pia kuna kitu. Huko Tasmania, Australia, watu 70 wenye ugonjwa wa magoti walifuatiliwa kwa majuma 12, na matokeo yakatangazwa mwaka 2020. Waliopewa manjano iliyokamuliwa na kutiwa ndani ya vidonge walisema maumivu yamepungua kuliko waliopewa vidonge visivyo na kitu. Picha za goti, hata hivyo, hazikuonyesha maji ya ndani yakipungua. Maumivu yanashuka, goti lenyewe linabaki lilivyo. Kwa mzee ambaye hawezi kupanda mlima wa Kadutu bila kusimama mara tano, kupungua kwa maumivu si jambo dogo, lakini hilo halimaanishi kwamba amepona.

Zaidi ya hapo, ardhi inakuwa laini. Mwaka 2017, kundi la wakemia lilipitia tafiti nyingi za kurkumini katika gazeti la kisayansi la Marekani. Vipimo zaidi ya 120 vilikuwa vimefanywa kwa binadamu, nao waliandika kwamba hakuna hata kimoja kati ya vile vya ngazi ya juu, ambapo mgonjwa na daktari wote hawajui nani amepewa nini, kilichofaulu bila shaka. Sababu moja ni kwamba kurkumini inaingia kwa shida sana katika damu. Nyingi inapita tumboni na kutoka. Sababu nyingine inasikitisha zaidi: mmoja wa watafiti waliojulikana sana kwa kuisifu kurkumini dhidi ya kansa, Bharat Aggarwal, aliyefanya kazi katika hospitali ya MD Anderson huko Texas, makala zake nyingi ziliondolewa na magazeti ya sayansi yaliyokuwa yamezichapisha. Ahadi ya kwamba manjano inaponya kansa bado inasimulia sifa za miaka hiyo.

Tatizo linaanzia kwenye kidonge

Kwa sababu kurkumini haiingii vizuri katika damu, watengenezaji walitafuta njia ya kuilazimisha. Mwaka 1998 ilionekana kwamba ikichanganywa na piperini, kile kinachofanya pilipili manga iwe kali, kiasi kinachoingia katika damu kinaweza kuongezeka mara 20. Tangu hapo vidonge vya manjano pamoja na pilipili manga vimejaa katika maduka ya dunia, na vinauzwa kwenye mitandao mpaka huku kwetu.

Ini ndilo linalolipa. Mwaka 2019 Italia iliripoti wagonjwa kadhaa wa homa ya ini waliokuwa wakitumia vidonge hivyo. Juni 2022 shirika la usalama wa chakula la Ufaransa, ANSES, lilitoa onyo baada ya kuhesabiwa ripoti zaidi ya 100 za madhara katika Italia na Ufaransa, baadhi zikiwa za ini. Huko Marekani, madaktari walichapisha habari za wagonjwa 10 ambao ini lao liliumizwa na manjano kati ya mwaka 2004 na 2022. Watano walilazwa hospitalini, mmoja akafariki. Saba kati ya hao 10 walikuwa na alama moja ya kurithi katika damu yao, jambo linaloeleza kwa nini jirani anaweza kumeza kidonge kilekile asipate kitu.

Ni kesi chache ukilinganisha na mamilioni wanaotumia, na hakuna sababu ya kuogopa sufuria. Waliougua walikuwa wametumia bidhaa za kumeza kila siku kama dawa. Lakini kuna jambo moja la kuangalia kwa makini katika nyumba zetu. Mtu akigeuka macho kuwa ya njano, wapo wanaomtafutia manjano, kwa fikra kwamba rangi inafukuza rangi. Ini lake tayari linaumwa, naye anaongezewa mzigo. Macho ya njano ni dalili ya kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo.

ANSES ilitaja pia wale wasiofaa kutumia vidonge hivyo: wenye matatizo ya njia za nyongo, pamoja na wanaotumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, za kansa au za kushusha kinga ya mwili, isipokuwa daktari ameruhusu. Kiasi kilichokubaliwa Ulaya kwa mtu mzima wa kilo 60 ni miligramu 180 za kurkumini kwa siku. Hiyo ni vijiko viwili vya chai vya poda, ambavyo hakuna mpishi wa Kivu anayevitia katika sahani ya mtu mmoja.

Presha, sukari na malaria ni habari nyingine kabisa. Hakuna kiasi cha manjano kinachochukua nafasi ya dawa zao. Mtoto mwenye malaria anaweza kuharibika ndani ya siku moja; ndiyo maana OMS inasisitiza atibiwe ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Glasi ya manjano na limau haitamuua. Asubuhi nzima iliyopotea kwa kungojea glasi hiyo ifanye kazi inaweza kumuua.

Rangi inayouza

Kwa anayenunua kijiko kimoja sokoni, hatari ya kidonge ni ya mbali. Iliyo karibu zaidi ni ya poda yenyewe, na kisa chake kinatoka Bangladesh.

Huko manjano inaliwa karibu kila siku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao wa Bangladesh walikuwa wakitafuta kwa nini wanawake wajawazito wa vijijini wana madini ya risasi katika damu, yale ambayo Kifaransa kinayaita plomb. Walichunguza maji, udongo, mikebe ya chakula. Mwaka 2019 walitangaza walichokipata: ilikuwa manjano. Wafanyabiashara walitia ndani yake kromati ya risasi, unga wa njano unaotumiwa katika rangi za kupaka. Desturi hiyo ilianza miaka ya 1980, baada ya mafuriko makubwa kulowesha mavuno na kuyafanya yafifie. Mnunuzi alitaka njano inayong'aa, naye akapewa.

Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na OMS inasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Haina harufu, na katika mchuzi haijulikani kwa ulimi.

Kinachofurahisha ni kilichofuata. Serikali ya Bangladesh haikuunda tume ya kukaa miaka kumi. Ilitangaza kwamba kuuza manjano ya namna hiyo ni kosa la jinai, ikabandika matangazo katika masoko, ikaingia soko la jumla la Shyambazar mjini Dhaka na mashine ndogo ya mkononi inayopima risasi papo hapo, na kuwatoza faini wafanyabiashara wawili mbele ya kamera. Kabla ya hapo, mwaka 2019, sampuli 47 kwa 100 za sokoni zilikuwa na risasi. Mwaka 2021 hakukuwa na hata moja. Katika damu ya wafanyakazi wa viwanda vya kusaga, risasi ilikuwa imeshuka kwa karibu theluthi moja.

Poda inayouzwa kwa kijiko mashariki mwa Congo haina lebo. Mama anayeinunua hawezi kujua ilisagwa Kampala, Dar es Salaam au India, nchi inayotoa sehemu kubwa ya manjano ya dunia. Kukagua bidhaa zinazoingia ni kazi ya OCC, na katika miji ambayo leo serikali ya Kinshasa haiitawali, mnunuzi amebaki na macho yake. Macho hayo yanaweza kumdanganya, kwa sababu poda iliyochanganywa ndiyo inayopendeza kuliko zote.

Mzizi mzima ni afadhali. Ni ndugu wa tangawizi, unafanana nayo kwa nje, na ukiukata ndani ni wa rangi ya machungwa. Unaoshwa vizuri, unachemshwa, unakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka uvunjike kwa mkono, kisha unatwangwa kwenye kinu. Rangi yake inaelekea kahawia kidogo kuliko ile ya sokoni. Anayeutumia mbichi anaukwaruza moja kwa moja ndani ya mafuta ya moto pamoja na vitunguu, kabla ya kuweka samaki.