Jitu la Tani Mia

Wako wazee wetu wanaoshikilia kwamba mchezo wa vita ni kelele tupu na upotevu wa wakati, na kwamba kijana anayesukuma vinyago vya majitu ya chuma juu ya meza hajifunzi ila kuvunja na kuua. Mimi sikubaliani nao. Nimeuchungua mchezo mmoja wa Kimarekani uitwao BattleTech, na nimeona kwamba hauulizi nani mwenye nguvu, bali nani ajuaye kuzitumia.

Mchezo huu ulitolewa mwaka 1984 na kampuni ya FASA ya mjini Chicago. Kwanza uliitwa BattleDroids, lakini jina likabadilishwa mwaka uliofuata, kwani kampuni ya Lucasfilm, wenye filamu za Star Wars, ilidai kuwa neno “droid” ni mali yake. Huchezwa juu ya ramani ya vijumba vyenye pembe sita, kwa dadu mbili, na kila mashine ina karatasi yake ya hesabu. Mwaka 2018 ulitoka mchezo wa kompyuta ufuatao mtindo huo huo wa zamu kwa zamu, hivyo hata kijana wa Mombasa au Lamu aweza kuuonja.

Natutazame jitu moja tu, nalo ni Atlas. Ni mashine ya umbo la mtu, na mwendeshaji wake huketi kichwani. Uzito wake ni tani 100, na katika sheria za kawaida hapana uzito upitao huo. Limevikwa deraya ya pointi 304. Lina mzinga ambao pigo lake moja ni pointi 20, makombora 20 ya masafa marefu, roketi 6 za masafa mafupi, na leza 4, ambazo 2 kati yake zatazama nyuma. Asiyejua akiliona jitu hili atasema vita vimekwisha kabla havijaanza.

Lakini ngoja. Atlas hutembea vijumba 3, na likikimbia ni 5. Kuna kimashine cha tani 20 kiitwacho Locust, yaani nzige, ambacho hukimbia vijumba 12. Deraya ya kifua cha Atlas mbele ni pointi 47, bali mgongoni, katikati, ni 14 tu. Nzige huyo akifanikiwa kuzunguka nyuma, leza yake ya pointi 5 huanza kumega palipo laini. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Basi fundi hulitumiaje jitu hili? Kwanza, hujua masafa. Mzinga, roketi na leza zote mwisho wake ni vijumba 9. Adui akikaa mbali zaidi ya hapo, ni makombora marefu pekee yanayomfikia, nayo yana mikupuo 12 tu. Kwa hiyo fundi hajianiki uwandani akipigwa kwa mbali; hupita msituni na nyuma ya vilima hadi akaribie, kwa maana mzinga hulenga vyema adui akiwa ndani ya vijumba 3.

Pili, huhesabu joto. Silaha zote za mbele zikifyatuliwa pamoja huzaa joto la 23, na kutembea huongeza 1. Vipoza joto vya Atlas hutoa 20. Kila zamu hubaki 4. Zamu ya pili yawa 8, na hapo mwendo hupungua na shabaha huharibika. Akizidi kupandisha, mashine huweza kuzimika, au risasi zake zikalipuka tumboni mwake. Fundi akiwa karibu na adui huyanyamazisha makombora marefu, ambayo hapo hayana shabaha nzuri, na joto lote huwa 18. Silaha moja imenyamaza, na jitu limezidi kuwa la hatari.

Tatu, haendi peke yake. Huegemeza mgongo kilimani, na wenzake wepesi hulinda ubavu.

Mcheza bao yeyote wa Mwambao ataitambua hekima hii. Katika mashimo 32 na kete 64, mwenye kurundika kete katika nyumba yake ni tajiri, lakini mwenziwe huitazama nyumba hiyo hiyo. Nguvu iliyokusanywa pahali pamoja ni silaha, nayo pia ni shabaha.

Sisemi kwamba mchezo huu hauna kasoro. Juu ya meza hapana mjane wala yatima, na mtoto yampasa aambiwe wazi kwamba vita vya kweli havichezwi kwa dadu. Lakini aliyekwisha kujifunza kwamba hata jitu la tani 100 huangushwa na mgongo wake yu karibu kufahamu kwamba mabavu hayatoshi.

Linaloniuma ni jingine. Wamarekani wamelitungia jitu lisilokuwapo duniani karatasi, vitabu na hesabu za kila pigo, hata baada ya miaka 40 mgeni aweza kuketi na kujifunza peke yake. Bao letu, lililo hai, ujuzi wake mwingi umo vichwani mwa mabingwa. Tasnifu moja juu ya mabingwa hao iliandikwa mwaka 1995 na Mholanzi, Alex de Voogt, huko Leiden. Ni kazi ya kushukuriwa, lakini mbona tumngojee mgeni? Kila baraza lenye bingwa na liwe na kijana mwenye daftari, aandike mchezo kete kwa kete, namua hadi mtaji, na amwulize mzee kwa nini aliliacha shimo hili akalichukua lile. Daftari ni shilingi chache. Bingwa akishazikwa, hapana bei itakayomrudisha kutujibu.