Naomba Radhi kwa Muziki wa Dabu

Muhula uliopita niliandika katika ubao wa Chama cha Muziki kwamba dabu ni wimbo uliokatwa ulimi. Maneno hayo yaliwachekesha wengi, nami nikajiona hodari. Lakini matokeo yake hayakuwa ya kuchekesha: wanachama walipiga kura, na dabu ikaondolewa katika saa yetu ya muziki ya Jumamosi. Leo nataka kukiri mbele ya wasomaji wa gazeti letu kwamba hukumu yangu haikuwa ya haki.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilisikiliza albamu hizo nyumbani wakati wa likizo, kwa simu ya kaka yangu. Spika ya simu ni ndogo mno, haiwezi kutoa sauti nene. Nayo rege husimama juu ya besi na ngoma kama nyumba isimamavyo juu ya msingi. Katika dabu, fundi wa sauti huondoa sehemu kubwa ya uimbaji, akabakiza besi na ngoma, kisha huingiza na kutoa gitaa, kinanda au neno moja la mwimbaji likifuatwa na mwangwi. Basi mtu asiyeisikia besi atasikia nini? Nilihukumu nyumba nzima kwa kutazama dirisha lake.

Yafaa tujue muziki huu ulivyoanza. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Jamaika, zilianza kutolewa santuri zenye wimbo upande mmoja, na upande wa pili muziki ule ule bila mwimbaji. Katika miaka ya 1970 King Tubby wa Kingston, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vyombo vya umeme, aliifanya kazi hiyo kuwa sanaa. Mashine ya kuchanganyia sauti ikawa mikononi mwake kama ala ya muziki.

Muhula huu mwalimu wetu alituruhusu kutumia spika kubwa za ukumbini. Nikasikiliza upya, safari hii kila albamu ya nyimbo pamoja na ndugu yake wa dabu.

Kwanza nilisikiliza Rainford ya Lee "Scratch" Perry, iliyotolewa mwaka 1919 + 100, yaani 2019, Perry akiwa na miaka 83, miaka miwili kabla ya kufa kwake. Aliyeitengeneza ni Adrian Sherwood wa Uingereza. Katika wimbo wa mwisho mzee huyu asimulia maisha yake mwenyewe, na nadhani huo ndio bora kuliko zote. Dabu yake, Heavy Rain, ilitoka mwaka huo huo. Hapo tromboni ya Vin Gordon yasikika kama mtu aitaye kutoka ng'ambo ya mto. Hata hivyo sitaisifu yote. Mahali pengine mwangwi umezidi, hata msikilizaji apoteza njia.

Pili ni Midnight Rocker ya Horace Andy, ya mwaka 2022, ambayo pia ni kazi ya Sherwood. Sauti ya Andy ni nyembamba yenye kutetemeka, wala uzee haukuiharibu. Aliurudia humo wimbo wake wa zamani, Mr Bassie, unaomtaja mpiga besi. Wimbo uitwao Safe From Harm haukunipendeza sana. Naona wamvaa kama koti la mtu mwingine. Lakini albamu ya dabu iliyoifuata mwaka ule ule, Midnight Scorchers, ndiyo iliyonishinda kabisa. Uimbaji ulipopungua, nilitambua kwamba huzuni niliyodhani imo katika maneno tu imo katika besi pia. Maneno yaliondoka, huzuni ikabaki.

Kwa hiyo maoni yangu sasa ni kwamba dabu ni mtihani wa wimbo. Wimbo uliojengwa vizuri, ukiuondolea maneno, bado husema. Uliojengwa vibaya hunyamaza. Nasi tunaoandika hukumu za albamu mpya hatuna budi kusikiliza pande zote mbili, kwa chombo kinachofaa, na zaidi ya mara moja. Tusisifu kwa sababu ya jina la mzee maarufu, wala tusilaumu ili kuchekesha watu.

Wazazi wengine hutishwa na jina lenyewe la rege, wakidhani ni mlango wa bangi. Hofu yao naielewa, na bangi siitetei. Nawaomba tu wakumbuke kwamba mwaka 2018 UNESCO iliitia rege ya Jamaika katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Waje siku moja ukumbini, wasikilize, kisha waseme. Hukumu ya namna hiyo nitaipokea, hata ikiwa kinyume changu.

Nawaomba wanachama wenzangu tupige kura tena Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, lakini baada ya kusikiliza, si kabla. Spika ni nzito na stoo iko mbali. Nitazibeba mimi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu