Mashine Isiyo na Tundu la Diski

Tarehe 10 Septemba 2024, kampuni ya Sony ya Japani ilipoonyesha mashine yake mpya ya michezo ya video, PlayStation 5 Pro, wachezaji waligawanyika. Wengine waliisifu kwa picha zake ang'avu. Wengine walighadhibika: bei ilikuwa dola 700 za Marekani, na tundu la kutilia diski halikuwapo.

Kwa jamaa za Gitaza, kando ya ziwa, kasoro hii ya pili ndiyo nzito. Diski huazimwa jirani, huuzwa kijana akiichoka, hurithiwa na mdogo wake. Mchezo ulionunuliwa kwa intaneti hubaki kwa jina la mnunuzi. Kisomea diski kiliuzwa mbali, dola 80. Askari aliyemwahidi mwanawe mashine hiyo na azijumlishe kabla ya kufika dukani.